Jinsi Stockfish Ilivyobadilisha Tathmini Yake Mwaka 2020: Uchambuzi wa Kisa

Tarehe 6 Agosti 2020, wasimamizi wa Stockfish waliingiza katika msimbo mkuu wa programu hiyo mtandao wa neva, yaani mfumo wa hesabu unaojifunza kutokana na mifano, wenye kazi moja tu: kuusoma mkao wa kete ubaoni na kurudisha namba inayoeleza ni upande upi wenye nafuu, na nafuu hiyo ni kubwa kiasi gani. Stockfish ni programu huria ya sataranji, na wakati huo ilikuwa ikigombea nafasi ya kwanza duniani. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi ya kuupima mkao ilikuwa imefanywa na kanuni zilizoandikwa kwa mkono, mstari kwa mstari, na watu walioujua mchezo na kuijua kompyuta vilevile. Majaribio yaliyoandamana na badiliko hilo yalionyesha ongezeko la kati ya pointi 80 na 100 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji, kwa mpigo mmoja, katika programu ambayo badiliko la pointi mbili lilikuwa likipokewa kwa furaha.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mashine inayojifunza dhidi ya ujuzi wa binadamu. Usimulizi huo una ukweli ndani yake, lakini unaliacha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito mkubwa zaidi kwa yeyote anayetaka kubuni tathmini. Mitandao ya neva iliyojua sataranji vizuri ilikuwapo kabla ya 2020, na kanuni zilizojifunza zenyewe zilikuwapo miaka mingi kabla ya hapo. Kilichokuwa kigeni ni mtandao ulioumbwa kwa kufuata mwenendo wa utafutaji wenyewe, ambao mbunifu wake alijiuliza kwanza utagharimu nini kila kete inaposogezwa, ndipo akajiuliza ujue nini.

Namba inayoombwa mara milioni

Programu ya sataranji hufikiri kwa kutafuta. Kutoka katika mkao uliopo hujaribu hatua zake, kisha majibu ya mpinzani, kisha majibu ya majibu hayo, na kwa njia hiyo hujenga mti wa mikao unaokua upesi mno kiasi kwamba haiwezekani kuufuata hadi mwisho wa mchezo. Mahali fulani lazima isimame, na hapo ndipo inapoiuliza tathmini: mkao huu, bila kuendelea kutafuta, una thamani gani?

Claude Shannon, mtaalamu wa Marekani aliyechapisha mwaka 1950 makala ya msingi kuhusu suala hili, alipendekeza jibu ambalo hadi leo ni mahali pazuri pa kuanzia. Mfalme alipewa pointi 200, malkia 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, na askari 1. Kisha nusu pointi hupunguzwa kwa kila askari aliyerundikana na mwenzake katika safu moja, aliyeachwa nyuma na wenzake au aliyetengwa, na sehemu moja ya kumi ya pointi huongezwa kwa kila hatua halali ambayo upande husika unaweza kuicheza. Hesabu hufanywa kwa pande zote mbili, na tofauti yake ndiyo tathmini. Shannon mwenyewe alionya kwamba kanuni ya namna hiyo inafaa katika mikao iliyotulia tu, kwa kuwa katikati ya kulana kete hesabu hudanganya: malkia aliyekwisha kula ngome iliyolindwa anaonekana ameuneemesha upande wake, kumbe katika hatua inayofuata analiwa yeye. Ndiyo maana programu za leo huendelea kuchunguza hatua za kula hadi mkao utulie, ndipo zipime.

Prosesa ya kawaida ya mwaka 2020 iliiwezesha Stockfish, ikitumia kiini kimoja, kupitia mikao inayozidi milioni moja kwa sekunde. Maana yake ni kwamba tathmini ilikuwa na chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde kutoa jibu, na ndani ya muda huohuo kulikuwa na kazi ya kuzalisha hatua, kuzipanga na kuweka kumbukumbu. Tathmini yenye hekima maradufu lakini iliyo polepole mara kumi huupunguzia utafutaji hatua ambazo ungeziona mbele, na mchezo wa sataranji hauna huruma kwa asiyeona mtego ulio hatua mbili zaidi ya upeo wake. Kila uamuzi katika kisa hiki ulifanywa chini ya kizuizi hicho, hata pale wahusika wasipokitaja.

Kanuni zilizoandikwa kwa mkono

Stockfish ilianza mwaka 2008, pale Marco Costalba wa Italia alipoichukua Glaurung, programu huria ya Tord Romstad wa Norway, na kuiendeleza kwa jina jipya. Romstad mwenyewe na Joona Kiiski wa Finland wakashirikiana naye. Tathmini waliyoijenga, ambayo mamia ya wachangiaji waliiongezea na kuipunguzia baadaye, ilikuwa kazi ya akili ya hali ya juu, na inastahili kuangaliwa kwa makini kabla ya kueleza ni kwa nini iliondolewa.

Katika Stockfish 11, iliyotoka Januari 2020, kila kete ilikuwa na bei mbili, moja ya katikati ya mchezo na nyingine ya mwisho wa mchezo. Askari alikuwa 128 na 213, farasi 781 na 854, askofu 825 na 915, ngome 1276 na 1380, malkia 2538 na 2682. Programu ilitazama kete zilizobaki ubaoni, ikapata kipimo cha mchezo umefika wapi, kisha ikachanganya bei hizo mbili kwa uwiano wa kipimo hicho, ili thamani isiruke ghafla pale malkia wanapobadilishana. Namba zenyewe zina usemi. Bei ya askari inapanda kwa karibu theluthi mbili kuelekea mwisho wa mchezo, ya farasi kwa chini ya sehemu moja ya kumi, na kila mchezaji aliyewahi kumkimbiza askari ili ageuke malkia anaelewa sababu.

Juu ya bei hizo kulikuwa na tabaka nyingine nyingi: mahali kete ilipo, wingi wa miraba ambayo kete inaweza kuifikia, sura ya askari, vitisho, askari waliopita ambao hawana tena askari wa mpinzani mbele yao, na nafasi inayotawaliwa nyuma ya mstari wa askari. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ilikuwa ya usalama wa mfalme. Kila kete ya mpinzani iliyoifikia miraba iliyo jirani na mfalme iliongeza pointi za hatari, udhaifu wa miraba hiyo uliongeza nyingine, na kukosekana kwa malkia wa mpinzani kulipunguza nyingi kwa mara moja. Jumla ya pointi hizo ilizidishwa kwa yenyewe, kisha ikagawanywa kwa 4096. Kule kuzidisha kwa yenyewe ndiko kulikobeba ujuzi wa mchezo: mshambuliaji mmoja si tishio, wawili ni kero, lakini wanne kwa pamoja ni zaidi sana ya wawili mara mbili. Kanuni ya kujumlisha tu haiwezi kulisema hilo.

Kulikuwa pia na kanuni za mikao maalumu. Upande wenye askofu na askari wa ukingoni dhidi ya mfalme pekee unaonekana una ushindi, lakini ikiwa mraba wa kugeukia malkia ni wa rangi ambayo askofu huyo haifiki, na mfalme wa mpinzani amewahi kona, mchezo ni sare. Hakuna hesabu ya jumla inayoweza kuling'amua jambo hilo, kwa hiyo liliandikwa waziwazi, kama yalivyoandikwa mengine ya aina yake.

Tatizo la mfumo huu halikuwa ujinga wa waandishi wake. Tatizo lilikuwa kwamba vipengele havikuwa huru kimoja na kingine. Askari aliyepita alilipwa kwa kupita kwake, akalipwa kwa mraba aliosimama, na ngome iliyokuwa nyuma yake ikalipwa kwa safu iliyo wazi. Wazo moja jema likahesabiwa mara tatu. Ukiongeza kipengele kipya chenye mantiki kamili, kinaweza kuidhoofisha programu kwa sababu sehemu ya mantiki hiyo ilikuwa imekwisha kufichwa katika namba ya kipengele kingine.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kupima, si kubishana. Mwaka 2013 Gary Linscott aliunda Fishtest, mfumo unaosambaza majaribio kwa kompyuta za watu wanaojitolea. Pendekezo lolote lilichezeshwa dhidi ya toleo lililopo, kwanza kwa michezo ya sekunde 10 kwa kila upande na nyongeza ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila hatua, na likifaulu hapo likapelekwa katika michezo ya sekunde 60. Kanuni ya takwimu ilifuatilia matokeo moja baada ya jingine na kusimamisha jaribio pale ushahidi ulipotosha kukubali au kukataa. Nidhamu hii ilikuwa ngumu na ya haki: hoja nzuri ya bingwa haikupita kama michezo haikuiunga mkono. Hata hivyo, kugundua faida ya pointi moja au mbili za Elo kunahitaji makumi ya maelfu ya michezo, na kufikia mwaka 2020 mawazo mengi yaliyopelekwa huko yalikataliwa. Tathmini ilikuwa imekaribia kikomo cha kile ambacho watu waliweza kukiandika na kukipima kimoja kimoja.

Shinikizo kutoka nje

Desemba 2017, DeepMind, kampuni ya akili bandia ya London, ilitangaza AlphaZero, iliyojifunza sataranji kwa kucheza dhidi ya nafsi yake, bila kupewa chochote zaidi ya sheria za mchezo. Katika michezo 100 dhidi ya Stockfish 8 ilishinda 28, ikatoa sare 72 na haikupoteza hata mmoja. Masharti ya pambano hilo yalilalamikiwa, na baadhi ya malalamiko yalikuwa ya haki, lakini takwimu iliyostahili kuangaliwa zaidi ilikuwa nyingine: AlphaZero ilipitia mikao kama 80,000 kwa sekunde, na Stockfish kama milioni 70. Tathmini yenye ujuzi mkubwa kiasi hicho iliweza kufidia upungufu wa karibu mara mia tisa katika wingi wa mikao.

Mwaka 2018 mradi huria wa Leela Chess Zero, ulioanzishwa na Linscott huyohuyo, ulianza kuijenga upya njia hiyo kwa msaada wa watu wengi, na mwaka 2019 Leela ikaishinda Stockfish katika fainali ya msimu wa 15 wa TCEC, mashindano ya programu za sataranji yanayofuatiliwa sana, kwa pointi 53.5 dhidi ya 46.5. Msimu wa 17, mwaka 2020, ikashinda tena.

Hapa panastahili tahadhari. Mtu angeweza kudhani kwamba Stockfish ilihitaji tu kuazima mtandao wa Leela na kuuweka mahali pa tathmini yake. Isingewezekana. Mtandao wa aina hiyo ni mkubwa na huhitaji kadi ya grafiki yenye nguvu ili kufanya kazi kwa kasi inayofaa, na hufanya kazi vizuri unapopewa mikao mingi kwa fungu moja. Utafutaji wa Stockfish, kinyume chake, huuliza mkao mmoja mmoja, na jibu la mkao huu ndilo linaloamua kama mkao unaofuata utatazamwa au tawi lake litapogolewa. Kumsubirisha mtafutaji wa namna hiyo ni kumlemaza. Matthew Lai alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 2015, kwa programu yake Giraffe, kwamba mtandao wa neva unaweza kujifunza kupima mikao hadi programu ifikie kiwango cha wachezaji wenye cheo cha Bingwa wa Kimataifa wa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, jambo la kusifiwa sana wakati huo. Lakini kila mkao uligharimu muda mwingi mno, na programu kubwa za wakati huo zilibaki mbele sana.

Suluhisho kutoka Japani

Jibu lilitoka kwa watu wa shogi, mchezo wa Kijapani wa jamii ya sataranji unaochezwa kwenye ubao wa miraba 9 kwa 9, ambamo kete iliyotekwa hurudishwa ubaoni ikiwa mali ya aliyeiteka. Huko Japani tathmini zinazojifunza zenyewe hazikuwa jambo geni. Programu ya Bonanza ya Kunihito Hoki, iliyoshinda ubingwa wa dunia wa shogi ya kompyuta mwaka 2006, ilitumia majedwali makubwa ya namba zilizopatikana kwa kujifunza, ambamo kila kete ilipewa thamani kwa kuhusianishwa na mahali mfalme alipo. Baadaye watunzi wa programu za shogi, akiwamo Motohiro Isozaki, mtunzi wa YaneuraOu, waliazima mbinu za utafutaji za Stockfish na kuziunganisha na majedwali ya namna hiyo. Deni hilo lilirudi kulipwa kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia.

Mwaka 2018 Yu Nasu alibuni kwa ajili ya shogi mtandao alioupa jina la NNUE, akikusudia mtandao wa neva unaoweza kusasishwa kwa gharama ndogo. Nitaueleza kwa umbo lililoingia Stockfish mwaka 2020, kwa kuwa katika maelezo hayo ndimo kisa kizima kilimo.

Ingizo la mtandao ni orodha ndefu ya maswali ya ndiyo au hapana, na kila swali lina umbo hili: je, mfalme wangu yuko mraba huu, na kete ya aina hii na rangi hii iko mraba ule? Miraba ya mfalme ni 64, aina za kete zisizo mfalme ni tano kwa rangi mbili, na miraba ya kete hizo ni 64, jumla maswali 40,960. Namba kamili katika msimbo ilikuwa 41,024, kwa sababu kila mraba wa mfalme ulibaki na nafasi moja ya ziada iliyorithiwa kutoka shogi, isiyo na kazi yoyote katika sataranji. Maswali hayo huulizwa mara mbili, mara moja kwa jicho la mfalme mweupe na mara moja kwa jicho la mfalme mweusi. Kila upande huzaa namba 256. Namba hizo 512 huunganishwa, upande wenye zamu ukitangulia, kisha hupita katika tabaka mbili ndogo za nyuroni 32 kila moja, na mwishoni hutoka namba moja.

Uzito wa mtandao karibu wote umo katika tabaka la kwanza: 41,024 mara 256 ni namba zinazozidi milioni 10, na faili lake lilikuwa na ukubwa wa megabaiti kama 20. Ukisikia hivyo utadhani tabaka hilo ndilo litakaloizamisha programu. Lakini kati ya maswali yote hayo, yanayojibiwa ndiyo kwa wakati mmoja hayazidi 30, kwa kuwa ubao hauna zaidi ya kete 30 zisizo wafalme. Na muhimu kuliko hilo, kete moja isiyo mfalme ikisogezwa bila kula, swali moja linageuka kuwa hapana na moja linageuka kuwa ndiyo. Ikila, yanabadilika matatu. Kwa hiyo programu haina haja ya kulihesabu tabaka la kwanza upya. Inachukua zile namba 256 za mkao uliotangulia, inatoa mstari mmoja, inaongeza mwingine, na kazi imekwisha. Muuza duka anayejua jumla ya bidhaa zake hahesabu rafu zote kila mteja anaponunua sabuni. Anapunguza moja katika daftari.

Mfalme mwenyewe akisogea, maswali yote ya upande wake yanabadilika na nusu hiyo ya tabaka lazima ihesabiwe upya. Hili ni dosari iliyokubaliwa kwa makusudi, na naona ndipo ubora wa mbunifu unapoonekana. Katikati ya mchezo wafalme husogea kwa nadra, na wanapoanza kutembea, mwishoni mwa mchezo, kete zilizobaki ni chache na hesabu ya upya ni fupi. Kwa kukubali gharama hiyo ndogo, mbunifu alinunua kitu cha thamani kubwa: kila kete hupimwa kwa kuhusianishwa na mfalme, na usalama wa mfalme, ambao waandishi wa Stockfish walihangaika nao kwa miaka, unakuwa umesukwa ndani ya ingizo lenyewe.

Tabaka zinazobaki ni ndogo kiasi cha kuhitaji kuzidisha mara 17,000 na ushei, na kuzidisha huko hufanywa kwa namba kamili za biti 8, ambazo prosesa za kisasa huweza kuzishughulikia kwa makumi katika amri moja. Kadi ya grafiki haihitajiki. Mtandao wote uliandikwa kwa ajili ya kompyuta ambayo watu tayari wanayo.

Kuuhamishia katika sataranji

Hisayori Noda, anayejulikana zaidi kwa jina la Nodchip, ndiye aliyeuleta mtandao huu katika Stockfish, kwanza kama jaribio la pembeni. Katikati ya mwaka 2020 watu waliokuwa na kompyuta nzuri nyumbani walianza kuufunza, na baada ya muda mfupi matokeo yakawa hayawezi kupuuzwa.

Namna ulivyofunzwa inastahili kuelezwa, kwa maana ndiyo inayoukanusha usimulizi wa mashine iliyomshinda binadamu. Mamia ya mamilioni ya mikao ilizalishwa kwa Stockfish kucheza yenyewe kwa yenyewe, na kila mkao ukapewa alama iliyopatikana kwa utafutaji wa hatua chache uliotumia tathmini ya zamani, ile iliyoandikwa kwa mkono. Mtandao ukafunzwa kuikisia alama hiyo, ikichanganywa na matokeo halisi ya mchezo. Yaani mtandao ulijifunza kusema papo hapo kile ambacho kanuni za zamani zingekisema baada ya kutafuta hatua kadhaa mbele. Ujuzi wa akina Romstad na Costalba haukutupwa. Uliyeyushwa pamoja na matunda ya utafutaji na kumiminwa katika umbo jingine. Kizazi kilichofuata kilikwenda mbali zaidi, na kwa Stockfish 14, iliyotoka Julai 2021, data zilizotokana na Leela zilikuwa zimeingia katika mafunzo, ila mwalimu wa kwanza alikuwa tathmini ileile iliyokuwa ikipokonywa kazi.

Idadi ya mikao inayopitiwa kwa sekunde ilishuka hadi kati ya asilimia 60 na 80 ya ile ya awali, kwa kutegemea prosesa. Hasara hiyo ndogo ndiyo iliyoamua mambo. Kama ingekuwa hasara ya mara kumi, hakuna ujuzi wa mtandao mdogo kiasi hicho ambao ungeweza kuifidia.

Palikuwa na ugumu mwingine ambao mtu asiyewahi kuandika programu ya sataranji hawezi kuufikiria kwa urahisi. Utafutaji hauitumii tathmini kwenye ncha za mti peke yake. Huitumia pia njiani, kuamua matawi ya kupogoa: ikiwa mkao unaonekana mbaya kupita kiwango fulani, utafutaji hauhangaiki nao. Viwango hivyo vilikuwa vimerekebishwa kwa miaka kulingana na ukubwa wa namba za tathmini ya zamani. Tathmini mpya inayotoa namba za ukubwa tofauti, hata zikiwa sahihi zaidi, huuvuruga utafutaji mzima, kwa hiyo ilibidi namba za mtandao zioanishwe na viwango hivyo, na viwango vyenyewe vipimwe upya.

Toleo la Stockfish 12, lililotoka tarehe 2 Septemba 2020, halikuiacha kanuni ya zamani moja kwa moja. Tofauti ya kete ilipokuwa kubwa, programu iliiuliza tathmini ya mkono; kete zilipokaribiana, iliuuliza mtandao. Sababu ni ya kiutendaji. Upande mmoja ukiwa na ngome mbili za ziada, swali la nani ana nafuu limekwisha kujibiwa, na kanuni ya zamani hulijibu kwa haraka zaidi. Mtandao uwekwe akiba kwa mahali penye mashaka. Huo ni uamuzi mzuri wa ubunifu, na wazo lake lilidumu kuliko kanuni zenyewe: tathmini ya mkono ilipoondolewa kabisa katika Stockfish 16.1, Februari 2024, nafasi yake katika mikao isiyo na usawa ilichukuliwa na mtandao wa pili ulio mdogo zaidi.

Watangazaji wa Stockfish 12 walieleza kwamba ikichezeshwa dhidi ya Stockfish 11 hushinda jozi za michezo, yaani michezo miwili miwili ambayo pande hubadilishana rangi, angalau mara kumi ya zile inazopoteza. Msimu wa 19 wa TCEC, uliomalizika mwaka huohuo, Stockfish yenye mtandao ilikutana na Leela katika fainali na kushinda, na Leela ilikuwa ikitumia kadi za grafiki.

Namba ilibadilika maana

Kwa miaka mingi, tathmini ya +1.00 ilimaanisha nafuu inayolingana na askari mmoja. Maelezo hayo yalitokana na kanuni ya zamani, ambamo askari alikuwa na bei iliyoandikwa. Mtandao hauna bei ya askari mahali popote ndani yake; una milioni za namba ambazo hakuna hata moja inayoitwa askari. Kadiri mitandao ilivyobadilika, namba iliyoonyeshwa kwa mtumiaji ilianza kuvimba bila kumaanisha kitu cha kudumu. Stockfish 15.1, ya Desemba 2022, ililitatua jambo hilo kwa kuifunga namba kwenye matokeo: +1.00 ikawa mkao ambao upande wenye nafuu una uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda, kwa kipimo cha programu ikicheza dhidi ya iliyo sawa nayo. Mwanafunzi wa sataranji anayechambua mchezo wake kwa simu, awe Nairobi, Dar es Salaam au kwingineko, ana haki ya kulijua hili, kwa kuwa wengi bado huisoma +1.00 kuwa askari mmoja, na wengi zaidi husahau kwamba asilimia hiyo 50 ni ya wachezaji wasiochoka na wasiokosea kama sisi.

Jambo moja lilipotea, na silioni kuwa dogo. Ukiiamuru Stockfish 11 ieleze tathmini ya mkao, ilichapisha jedwali: kete kiasi hiki, wepesi wa kusogea kiasi hiki, usalama wa mfalme, askari waliopita, vitisho, nafasi, kwa weupe na kwa weusi. Mwalimu aliweza kulichukua jedwali hilo na kumwonyesha mwanafunzi kwamba mfalme wake ndiye aliyekuwa hatarini, si askari wake. Ni kweli kwamba jedwali lilionyesha uhakika mkubwa kuliko ule uliokuwapo, kwa sababu zilezile za vipengele kuingiliana nilizozieleza; namba ya usalama wa mfalme haikuwa usalama wa mfalme peke yake, bali na kila kitu ambacho vipengele vingine vilishindwa kukibeba. Lakini lilikuwa mahali pa kuanzia mazungumzo, na mtandao hauna jedwali la namna hiyo la kutoa.

Amri hiyohiyo leo huonyesha ubao, na chini ya kila kete namba inayokadiria mchango wake. Namba hiyo hupatikana kwa kuiondoa kete ubaoni, kuupima mkao bila hiyo kete, na kuchukua tofauti. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuona kwamba farasi huyu aliyejikita katikati ana thamani ya kukaribia ngome, au kwamba askofu yule aliyezibwa na askari wake mwenyewe hafikii hata bei ya askari wawili, na hayo ni maarifa halisi ambayo jedwali la zamani halikuweza kuyatoa kwa kete moja moja. Ila mfalme hawezi kuondolewa, kwa kuwa mtandao hauna namna ya kuusoma mkao usio na mfalme, kwa hiyo mraba wake huonyeshwa bila namba. Anayetaka kujua mtandao unafikiri nini kuhusu usalama wa mfalme hulazimika kulitafuta jibu kwa kuisogeza kete moja, kupima, kuirudisha, kusogeza nyingine na kupima tena.